Ndege Iliondoka Bila Mimi: Kipimo cha PCR Kinaona Nini, na Hakioni Nini

Wandugu, tangu Omicron ipewe jina lake tarehe 26 mwezi wa 11 mwaka 2021, nimeshapokea simu tatu za wenzetu waliokwama nje ya nchi na karatasi iliyoandikwa «positif». Mmoja yuko Addis, mwingine Dar es Salaam, wa tatu alikuwa anarudi kutoka Kigali. Wote waliniuliza swali moja: «Yaya, nilishapona, sisikie kitu, sasa juu ya nini mashine inakatala?» Wananiuliza mimi sababu wanajua yaliyonipata Nairobi. Nimechoka kurudilia hadithi ile usiku kwa sauti za WhatsApp, basi naiandika hapa mara moja, yote, na pale nilipokosea nitasema.

Mimi ni mtu wa kilimo. Nilimaliza lisansi ya agronomia hapa Lubumbashi, na kazi yangu ya mwisho ilikuwa juu ya muhogo. Mwanzoni mwa mwezi wa 3 mwaka 2021 nilipata nafasi ya wiki tatu Nairobi, kujifunza kutambua virusi vya muhogo katika laboratuari. Ugonjwa tuliokuwa tunautafuta ni mjanja. Majani yanatoa madoa ya njano kidogo, shina linaonekana zima, mama mwenye shamba anasema mwaka huu Mungu amesaidia, kisha siku ya kuchimba anakuta mizizi imeoza ndani kama kuni iliyokaa majini. Watanzania wanauita michirizi kahawia. Uliandikwa mara ya kwanza kwao miaka ya 1930, na leo umeshaingia mashariki ya Kongo. Ukingoja dalili umechelewa, na ukikata vijiti vya mmea ule kwenda kupanda, umeusafirisha ugonjwa wewe mwenyewe. Ndiyo maana tunatafuta virusi katika jani kabla jicho halijaona kitu.

Sasa, virusi vya mozaiki, ile inayokunja majani ya sombe, vimeandikwa kwa DNA. Virusi vya michirizi kahawia vimeandikwa kwa RNA. Na virusi vya Covid pia ni vya RNA. Kwa hiyo wiki ile ya pili, mikono ndani ya glavu, nilikuwa najifunza kufanya kwa jani la muhogo kazi ileile ambayo mtu mwingine, upande mwingine wa mji, angekuja kuifanya kwa pua yangu. Sikulifikiria hata kidogo.

Kazi yenyewe iko hivi. Unasaga jani, unaosha, unabaki na RNA ndani ya tone la maji. Mashine ya PCR haijui kuzidisha RNA, inajua DNA tu. Basi kwanza unatia kimeng'enya kinachoandika upya RNA ile kwa herufi za DNA. Kisha unatia vipande viwili vifupi vilivyotengenezwa ili vishikane na virusi unavyotafuta tu, si na kitu kingine. Mashine inapasha joto, nyuzi mbili za DNA zinaachana. Inapoza, vipande vinashika mahali pake. Inapasha tena kiasi, na nakala inajengwa. Huo ni mzunguko mmoja. Kilichokuwa 1 kimekuwa 2. Mzunguko wa pili 4, wa tatu 8. Baada ya mizunguko 10 uko na nakala 1,024, baada ya 20 umepita milioni moja. Mmarekani Kary Mullis ndiye aliyefikiria njia hii mwaka 1983, ikampatia Nobel mwaka 1993. Kwetu sisi maskini wa shamba ni kama kulipwa franka moja leo, mbili kesho, nne kesho kutwa: mwezi hauishi umekuwa tajiri.

Kumbukeni jambo moja tu katika haya yote: mashine haikutani na virusi vizima. Virusi tulishavisaga. Inakutana na kipande cha maandishi yake.

Ndege yangu ya kurudi Lubumbashi ilikuwa tarehe 26 mwezi wa 3. Kampuni ya ndege ilitaka cheti cha PCR chenye majibu hasi, kisichozidi saa 72, na majibu yapite katika Trusted Travel, ule mfumo wa Umoja wa Afrika uliokuwa unatoa namba ya siri ili mtu wa uwanja wa ndege ahakikishe kwamba cheti si cha kutengeneza mtaani. Tarehe 23 nilienda kupima nikiwa natembea kwa maringo. Nilikuwa nimekohoa kidogo kuanzia tarehe 17, siku mbili tatu, na kichwa kuuma. Nairobi iko juu, asubuhi ni baridi kwa mtu wa Katanga kama mimi, nikasema ni hewa. Nilikunywa tangawizi na asali, ikaisha.

Tarehe 24 jioni, ujumbe ukaingia katika telefoni. Neno moja.

Sitawadanganya, jambo la kwanza nililofikiri halikuwa pumzi yangu wala watu niliokula nao. Nilifikiri tarehe 6 mwezi wa 4. Siku hiyo nilipaswa kuwa Lubumbashi kutia sahihi kontra ya mwaka mmoja na mradi mmoja wa mbegu, upande wa Kasenga. Ilikuwa kontra yangu ya kwanza. Ninyi mnajua maana yake. Miaka miwili baada ya diploma nilikuwa bado naomba Mama pesa ya kunyoa nywele. Barua yao ilisema waziwazi: kufika mwenyewe, na karatasi za asili mkononi.

Kisha tarehe 26, siku ileile ya ndege yangu, Rais Uhuru Kenyatta akafunga kaunti tano: Nairobi, Kajiado, Kiambu, Machakos na Nakuru. Hakuna kuingia wala kutoka, usiku watu ndani kuanzia saa mbili, baa zimefungwa, migahawa ni kubeba tu. Ndege za kimataifa ziliendelea kwa wenye cheti hasi. Wenzangu wa mafunzo, Mganda mmoja na Wamalawi wawili, waliondoka. Mimi niliziona ndege zao kwa masikio tu, niko nimelala.

Kenya tangu mwaka 2020 walikuwa wanaruhusu mtu asiye na dalili kali ajitenge mahali anapolala. Mama mwenye nyumba ya wageni, Mungu ambariki, hakunifukuza. Alinihamishia chumba cha nyuma chenye mlango wake na choo chake, upande wa Uthiru. Chakula kiliwekwa juu ya kiti, anagonga, anaondoka. Wenye mafunzo walinilipia usiku tano zaidi, kisha wakasema bajeti imefungwa. Kuanzia hapo kila usiku ulitoka mfukoni mwangu, na mfuko wangu mlishaujua. Mama mmoja Mkongomani anayeishi Kayole, ambaye sikuwahi kumuona uso, alipata namba yangu kwa mtu wa kanisa, akanitumia bukari na sombe kwa boda mara mbili. Mara ya pili alitia na samaki.

(Kiswahili kilinichezea pia. Siku ya kwanza nilimwambia mlinzi kupitia dirisha: «Baba, niko nataka kuuza maji.» Akaniangalia. Mtu ana Covid, amefungiwa, anataka kufungua biashara ya maji! Kwetu kuuza ni kutoa pesa upate kitu, kwao ni kinyume. Na nyumbani ilikuwa vilevile. Mama aliwaambia majirani wa Katuba kwamba mtoto wake amekwama Kenya na hawezi kurudi. Wakamwambia: «Kenya ni hapa tu, atembee kwa miguu.» Walifikiri ni komini Kenya. Mama alicheka kwanza, halafu akalia.)

Sasa tufike pale wengi wanakosea, na mimi nilikosea na diploma yangu mkononi.

Tarehe 31 nilienda kupima mara ya pili. Karibu shilingi 8,000 za Kenya, pesa ya siku kadhaa za chumba na chakula. Nilikuwa sina dalili yoyote, wiki mbili zilikuwa zimepita tangu kikohozi cha kwanza, nilijiona mzima kabisa. Majibu: positif. Nilikaa kitandani nikaangalia ile karatasi, na ndipo kichwa cha mwanafunzi kiliamka. Wewe mwenyewe, wiki tatu, umefanya nini kule laboratuari? Umeona nini?

Niliona hivi. Siku moja mwalimu wetu alitupatia majani yaliyokaushwa zamani ndani ya karatasi, mmea wenyewe ulishakufa na kutupwa. Tuliyasaga, tukaweka kwenye mashine, ikatoa jibu: virusi viko. Kweli viko, maandishi yake yako. Lakini hakuna nzi mweupe anayeweza kuvichukua katika jani lile kavu akaambukiza shamba.

Kwa wasio wa laboratuari nitasema kwa mbegu. Chukua mahindi, yachemshe, yaanike. Mtu akikuomba uhesabu punje, utahesabu na utasema kwa haki: haya ni mahindi, ni 100. Hujakosea. Lakini sisi watu wa kilimo, kabla ya kumuuzia mkulima mbegu, hatuhesabu tu. Tunaweka punje 100 juu ya karatasi yenye maji, tunangoja siku kadhaa, tunaona ngapi zimeota. Yale yaliyochemshwa yatakupa sifuri. PCR ni kuhesabu punje. Haifanyi kipimo cha kuota. Kipimo cha kuota cha virusi kipo, ni kuviweka juu ya seli hai na kungoja kama vitazaa, lakini kwa Covid kinataka laboratuari ya ulinzi mkubwa, siku nyingi na watu waliofundishwa. Hakuna mtu atakayekufanyia kwa ajili ya tiketi.

Wajerumani walilifanya mapema, mwaka 2020, kwa wagonjwa 9 wa Munich waliokuwa na ugonjwa mwepesi. PCR iliendelea kuwakuta na RNA muda mrefu, lakini baada ya siku ya 8 ya dalili hawakufaulu tena kuotesha virusi hai kutoka katika sampuli zao. Ndiyo sababu mwezi wa 5 mwaka ule OMS iliacha kudai vipimo viwili hasi kabla ya kumtoa mgonjwa katika kutengwa. Ikasema: siku 10 tangu dalili zianze, pamoja na siku 3 angalau bila dalili, na asiyeona dalili yoyote, siku 10 tangu kipimo. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Dalili tarehe 17, siku 10 zinaisha tarehe 27. Kwa kanuni ya OMS, tarehe 31 nilikuwa mtu huru. Kwa karatasi ya laboratuari, nilikuwa mgonjwa.

Nikapiga simu laboratuari. Sikuomba wabadilishe jibu. Niliomba namba moja inayoitwa Ct. Ni namba ya mzunguko ambao mashine ilianza kuona kitu. Ikiona mapema, mzunguko wa 18 au 20, maana yake maandishi yalikuwa mengi tangu mwanzo. Ikiona mwishoni, mzunguko wa 35, yalikuwa machache sana, ilibidi kuzidisha na kuzidisha. Kijana aliyepokea alishangaa kuulizwa, kisha akafurahi kupata mtu wa kuongea naye lugha hiyo. Kipimo cha kwanza: 22. Cha pili: 35. Tofauti ni mizunguko 13. Zidisheni 2 kwa 2 mara kumi na tatu, mtapata 8,192. Yaani siku ya pili ile kulikuwa na maandishi machache zaidi kwa mara elfu nane na kitu. Na makaratasi yote mawili yaliandikwa neno moja lilelile, kwa herufi zilezile, kwa wino uleule.

Lakini msikimbie na hii Ct kama mtu aliyeokota almasi. Namba hiyo inabadilika kutoka mashine moja hadi nyingine, na kama aliyekupima alipitisha kijiti kwa haraka juujuu ya pua, itapanda bila wewe kupona. Mtu aliyeambukizwa jana pia anaweza kuwa na Ct ya juu, sababu virusi ndiyo vinaanza kupanda. Peke yake haisemi kitu. Ikikaa pamoja na tarehe ya dalili na kipimo cha kwanza, ndipo inasema, na anayeisoma ni muganga. Mimi nilipata muganga mmoja mwenye subira aliyeniandikia barua kwa Kiingereza: tarehe ya dalili, tarehe za vipimo, Ct zote mbili, na sentensi moja kwamba nimemaliza muda wa kutengwa. Nilifikiri nimeshinda.

Dada wa ofisi ya kampuni ya ndege aliisoma barua yote, polepole, kwa heshima. Akaniambia: «Kaka, nakuamini. Lakini nchi yako haiombi barua.»

Na alikuwa na haki. Hapa wengi mnakasirikia mtu asiyehusika. Mtu wa kaunta hapimi afya yako, anasoma orodha ya masharti ya nchi unakokwenda, na akikupandisha bila karatasi inayotakiwa, kampuni ndiyo itabeba gharama ya kukurudisha. Sheria inatoka unakokwenda, si unakotoka. Angalieni tofauti. Wamarekani walipoanza kudai kipimo kwa kila abiria wa ndege, tarehe 26 mwezi wa 1 mwaka 2021, waliweka mlango wa pili: aliyeugua katika siku 90 zilizopita anaweza kuonyesha kipimo chake cha positif pamoja na barua ya muganga kwamba amepona. Waliweka hivyo sababu wanajua PCR inaweza kubaki positif hata miezi mitatu. Ulaya nao, katika cheti chao kilichoanza tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2021, waliweka sehemu ya waliopona, kuanzia siku ya 11 hadi siku ya 180 baada ya kipimo. Yaani kwa watu hao ile positif yangu ya tarehe 23, iliyoniziba njia, ingekuwa ndiyo tiketi yangu. Kwetu ilikuwa hasi au ubaki.

Ni upumbavu? Nilisema hivyo kwa hasira wiki nzima. Leo nasema nusu. Barua ya muganga ni rahisi kutengeneza kuliko kipimo, na wote tunajua muhuri unapatikana wapi na kwa bei gani. Serikali isiyo na njia ya kuhakikisha barua ya daktari wa Nairobi inashika kile inachoweza kuhakikisha. Lakini mzigo wa udhaifu huo unabebwa na mwanafunzi asiye na pesa ya chumba, si na mwenye kuandika sheria, na hilo sijalisamehe bado.

Tuongee sasa juu ya muhuri. Usiku wa tarehe 1, kijana mmoja tuliyekutana naye kabla ya mambo haya aliniandikia. Alikuwa amesikia. «Dola 50. Jina lako, hasi, kesho asubuhi.» Nilimwachia saa nne bila jibu. Nataka muelewe kwamba zile saa nne nilikuwa nafikiria kweli. Nilikuwa na hoja, na hoja nzuri: siambukizi tena, OMS imesema, muganga ameandika, kazi iko tarehe 6. Ningedanganya karatasi lakini nisingemdhuru mtu. Nilikataa. Ningependa kuwaambia ni kwa sababu ya dhamiri, lakini kwanza kabisa ilikuwa woga. Ile namba ya Trusted Travel ilikuwa inakaguliwa, na nilijiona nimekamatwa Nairobi kwa cheti cha uongo, siku za kufungwa mji, bila ndugu. Dhamiri ilikuja baadaye, nilipokumbuka kwamba tarehe 18 na 19 nilikuwa nakula meza moja na wale Wamalawi, nikikohoa na kusema ni baridi. Siku zile pia nilikuwa na hoja nzuri.

Na sasa kosa langu kubwa. Si kipimo cha pili, ingawa pesa ile ilinichoma. Ni kwamba sikuwaambia watu wa kontra. Tarehe 24 nilipopata majibu, nilinyamaza. Nilikuwa najua watu wa kwetu wanasema nini juu ya Covid: wengine hawaiamini, ni ugonjwa wa Kinshasa na wa wazungu, na walewale wasioiamini ndio wanaokukimbia wakisikia unayo. Niliogopa wataniondoa. Nikajiambia tarehe 31 nitakuwa hasi, nitasafiri, hawatajua. Nikaja kuwaandikia tarehe 2 mwezi wa 4. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Barua yangu ilikaa ndani ya mashine yao hadi baada ya Jumatatu ya Pasaka, na tarehe 6 saa nne asubuhi, saa niliyopaswa kuwa nimeketi mbele yao, nikapokea jibu. Walinitakia afya njema. Nafasi imepewa aliyenifuata katika orodha.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mwenzangu mmoja wa kundi lile, aliyeshikwa na malaria wiki ile, aliandika mapema akapewa siku saba. Alitia sahihi tarehe 13. Mimi nilikuwa nimesharudi mjini.

Sababu tarehe 8 nilipima mara ya tatu, na tarehe 9 majibu yakaja hasi. Sikuruka wala kuimba. Nilikuwa nimepona siku nyingi, kilichopona siku ile ni karatasi. Ndege ilikuwa tarehe 11. Kampuni ilinibadilishia tarehe mara ya kwanza bila faini, mara ya pili nililipa tofauti ya bei, na pesa hiyo ilitoka kwa shangazi yangu wa Likasi ambaye hadi leo namlipa kidogokidogo.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Addis, wewe uliyenitumia sauti ya dakika sita jana, jibu langu ndilo hili. Andika leo, kwa kalamu, tarehe dalili zilipoanza, kabla hujaisahau. Usirudi kupima kesho wala kesho kutwa, utawapa pesa wakuandikie neno lilelile. Ngoja zipite siku 10 kwanza, na ukiweza kungoja zaidi, ngoja. Kipimo cha haraka, kile cha protini, kinaweza kukusaidia wewe kujua kama bado uko katika siku mbaya, sababu kinahitaji virusi vingi ili kionyeshe, lakini usikipeleke kaunta kama nchi imeomba PCR. Soma masharti ya nchi unakokwenda na ya kila uwanja unakopita, leo, si mwezi uliopita, yanabadilika. Kama unakwenda mahali wanapokubali waliopona, chunga hiyo karatasi ya positif kama diploma. Omba Ct. Omba barua, hata kama kwetu haikutosha. Kampuni ya ndege iambie kabla ndege haijaondoka, sio baada, maana baada unaitwa mtu aliyekosa ndege tu. Na yule anayekungoja nyumbani, bosi au profesa, mwandikie leo jioni. Leo.

Tarehe 11 nilitua Luano saa za mchana. Nilikuwa na karatasi zangu zote ndani ya bahasha: positif, positif, hasi, na barua. Kabla ya kutoka, kulikuwa na kipimo kingine cha kulipia. Wandugu, pale ndipo magoti yalilegea. Najua mashine. Najua kwamba mtu anaweza kuwa hasi Ijumaa na positif Jumapili, na tone lilelile la mabaki. Nilimwambia yule mwenye kijiti: «Mama, mimi nilishaugua, nilishapona, angalia karatasi.» Akasema: «Fungua kinywa, Papa.»

Usiku ule nililala chumba cha nje, peke yangu, chakula juu ya kiti. Mama alikaa ng'ambo ya mlango akinihadithia habari za mtaa mpaka akasinzia. Majibu yalikuja siku iliyofuata jioni: hasi. Alichukua karatasi, akavaa kitenge, akaenda kuonyesha jirani yule aliyesema nitembee kwa miguu.